Kinyozi Hajinyoi

Kazi yangu ni kuhesabu.
Daktari huchora mstari kwa kalamu ya zambarau
kisha huenda zake kunywa chai.
Tunabaki sisi watatu na kichwa,
vibano, taa, na sahani ya maji baridi ya chumvi
ambamo vishina vya nywele vimelala kama mbegu za mchicha.

Mia nne. Mia nne na moja.
Tunaving'oa kisogoni, kwenye neema,
tunavipanda utosini, kwenye njaa.

Leo ni Padraig, dereva wa malori kutoka Limerick.
Kalala kifudifudi, ganzi imemlegeza ulimi,
anausimulia mto:
dawa ya maji aliyopaka asubuhi na jioni, miaka miwili;
vidonge alivyomeza akimficha mkewe;
kofia ambayo hakuivua hata kwenye maziko ya mamake.
Namjibu kwa Kiingereza changu cha kazini, maneno arobaini:
usisogee, bado kidogo, pole.

Elfu moja na tisa.

Baba yangu alikuwa kinyozi kule Kayseri,
upara wake uking'aa kuliko kioo chake.
Aliwasugua wateja kitunguu saumu
akiwaapia nywele zitaota kabla ya Idi.
Walinuka. Hazikuota. Walirudi vilevile,
maana vidole vyake vilikuwa na joto, na hakuwa na haraka.
"Na wewe je, Cemalettin?"
"Kinyozi hajinyoi," alicheka, "nami Mungu kanipunguzia kazi."

Elfu mbili mia tatu na sita. Basi.

Namfunga bandeji. Namwambia lile nisilopenda kulisema:
wiki ya tatu zitaanguka.
Utaziokota kwenye shuka, utadhani tumekuibia.
Usinipigie simu saa nane za usiku kama wenzako.
Shina limebaki. Ngozi hunyamaza miezi mitatu, hata minne,
ndipo hujibu.

Ananitazama kofia yangu ya kazini.
Hajui kilicho chini yake:
ile njia ya katikati
inayopanuka tangu nimzae Elmas,
kijia cha mbuzi kilichogeuka barabara.

Usiku, nyumbani Esenler,
namenya punje moja ya kitunguu saumu.
Nasugua polepole, kwa vidole vya baba.
Sihesabu kitu.

"Mama," Elmas anaita kutoka chumbani,
"nani anapika saa hizi?"