Ngeli ya Kwanza

Faili tumelipa jina "Isimu, Muhula wa Pili,"
na ndani yake vijana wawili wanagombania mwavuli.
Sehemu ya saba. Chuo chao kina ngazi nyeupe
na miti inayomwaga maua kana kwamba imelipwa.
Yule mrefu anasomea madaraja, mwenzake meno ya watu,
na tangu sehemu ya pili darasa zima limeshajua
isipokuwa wao.

Sisi tuko Kikoni, chumba namba kumi na tisa,
kompyuta juu ya beseni lililofunikwa,
waya mmoja wa masikioni: sikio lako la kushoto, langu la kulia.
Rolex inapoa ndani ya gazeti, Ssekabira,
na wewe hutaki kula mpaka wapatane.

Vibanda vya Wandegeya vina filamu zote,
na kila filamu ina mtu wake wa kuipigia kelele kwa Kiganda,
anayecheka kabla ya kichekesho,
anayempa jambazi jina la kinyozi wa Bwaise.
Hii hakuna aliyethubutu kuigusa.
Basi naiandikia mimi, kwa Kiswahili,
mstari kwa mstari, kazi isiyo na mwalimu wa kuisahihisha.

Nyanya yangu kule Pader angeshangaa.
Kwake Kiswahili ni lugha ya kizuizi cha barabarani:
Kaa chini. Kipande kiko wapi? Toa kila kitu.
Alijua maneno tisa, yote ya kuamrishwa.
Nilipomwambia nakwenda kuisoma lugha hiyo
aliendelea kupepeta simsim,
kisha akauliza kama ina neno la pole.

Inalo, nyanya. Na ina *a*,
silabi ndogo kuliko punje zako,
isiyouliza mtu amevaa nini, ananyoa nini.
A-na-m-penda.
Mpendaji yumo, mpendwa yumo,
mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Juzi msimamizi wa hosteli, Bi. Nansikombi,
mtoto wa kambi ya jeshi, aliingia bila hodi.
Bahati picha ilikuwa imeganda kwenye kituo kitupu cha basi.
Akasoma kwa sauti, kidole kikigusa kioo:
"Alimngojea mpaka mvua ikakatika."
— Huyu ni nani?
Wewe ukakohoa. Mimi nikasema, zoezi la ngeli, mama.
— Na huyo aliyengojewa, alikuja?
— Bado.
— Akija, niambie.
Akachukua ndoo yake, akaenda.

Si busu linalonishangaza.
Busu limepigwa kwa mbali, nusu yake imefunikwa na mwavuli.
Kinachonishangaza ni kwamba, sehemu zote kumi na mbili,
kosa kubwa kuliko yote ni kusahau siku ya kuzaliwa.
Mama mtu anajua, na anapika supu.
Hakuna anayeteremshwa ngazi peku.
Hakuna mwenye nyumba anayeletewa sheria
na kuonyeshwa ukurasa unaomhusu.
Amanyire wa chumba namba nne alihama usiku;
asubuhi tulikuta pasi yake sakafuni, ina joto bado.
Huyo sijui nimwandike chini ya picha gani.

Sehemu ya mwisho. Yule wa meno anasema neno moja fupi.
Nikaandika *nakupenda*, nikafuta.
Nikaandika *ninakupenda*, nikaona ndefu,
midomo yake inafunga mapema.
— Umeandika nini hapo? ukauliza,
wewe ambaye Kiswahili chako ni cha kununulia mkaa.
Nikakusomea. Ukasema hukusikia.
Umeme ukakatika, nikasoma tena
pasipo na cha kusoma.

Asubuhi, bombani, foleni ya ndoo,
Bi. Nansikombi akainama kufunga kanga:
— Alikuja?
— Alikuja, mama.
— Alilowa?
— Kidogo.