Kizibo

Tuliilaza ubavu kwanza. Watu sita, na mbuzi akitazama.
Maji yakatoka kwa zamu: ya juu meupe,
ya kati na dagaa wawili na kandambili moja,
ya mwisho mazito, yananuka petroli
hadi kwenye mabanda ya samaki wa kukaanga.
Hapa Mtera ardhi ikipewa maji hainywi, inameza.
Punde likabaki doa, na nzi.
Jumapili tuliomba maji. Hatukutaja yaingie wapi.

Ndahani alitaka kuvuta kamba palepale.
Nikamshika mkono. Subiri.
Maji ndani ya silinda hayabanwi, utapinda konrodi.
Haya nilijifunza kwa pikipiki zilizovushwa Kinyasungwe
na watu waliodhani mto mkavu ni barabara.

Plagi mbili nje. Nikazungusha mashine kwa kiganja,
taratibu, kama unavyomgeuza ndama
angali tumboni mwa mama yake.
Tundu la juu likatema.
La chini likatema, likakohoa, likatoa pumzi tupu.
Oili ya gia: chai ya maziwa.
Kabureta: tone la maji chini ya petroli,
duara, limetulia, jicho la kuku.
Betri sikuiuliza chochote.

Fundi wa pwani aliyetuuzia boti
alituachia na maneno yake: mkuku, taruma, ngama.
Sisi huku tunasema mgongo, mbavu, tumbo,
na tunajua kukagua mbavu.
Nikapita na nyundo ndogo, nagonga, nasikiliza:
kavu, kavu, kavu,
kisha ubavu wa kushoto,
pu.

Ufa. Urefu wa kidole cha mtoto.
"Kisiki!" akasema Ndahani. "Si nilikuambia kisiki?"
Na kweli vipo. Bwawa lilifunika miti ikiwa imesimama,
na nguzo za mazizi ya watu;
mwaka wa ukame vichwa vinachomoza, vyeusi,
kama watu wanaotaka kuuliza jambo.
Nikaingiza ncha ya kisu.
Ikatoka na rangi ya bluu, ile tuliyopaka kabla ya Pasaka.
Rangi haiingii kwenye ufa ambao haujapasuka.
Huu ulikuwa wa zamani, na haukupitisha hata jasho.

Nikahamia nyuma, nikainama chini ya mashine.
Tundu la kutolea maji lilikuwa wazi.
Safi. Mviringo. Halina hatia.
Nikachungulia: upande wa pili
kilima kimoja cha Iringa, kidogo kama punje ya uwele.

Ndahani akaitazama kandambili yake.
Mkono wake ukaingia mfukoni, ukakaa humo.

Sechelela akaja na daftari la kikoba kwapani,
marejesho matatu hayajalipwa.
Akauliza kama mama wa mgonjwa,
bila kumtazama mgonjwa: "Kimevunjika nini?"
Nikamsomea. Plagi mbili. Oili ya gia mara mbili,
ya kwanza ya kuoshea, ya pili ya kukaa.
Faiba kidogo na gundi, kwa ule ufa.
Nyaya zianikwe siku mbili;
jua tunalo, hilo hatukopi.
"Na maji yaliingilia wapi?"

Upepo. Mbuzi. Mtu anageuza perege kwenye mafuta.

"Nyuma," nikasema.

Ndahani akatoa mkono.
Kizibo kilikuwa na joto lake, kimeshika maganda ya karanga.

Hakupiga kelele. Alikipokea, akakifuta kwa ncha ya khanga
muda mrefu kuliko kilivyochafuka,
akanipa, akaenda kukaa upande wa pili wa boti,
ambako tuliona miguu yake tu.

Nikakitoboa sikio kizibo, nikapitisha uzi wa wavu,
ncha ya pili nikaifunga kwenye boti yenyewe.
Mafundo matatu.
La nne akalifunga Ndahani.
Likafunguka.
Akarudia.