Jiko Lililokwenda Skuli

Kaka Twahir alilileta kutoka Doha
limeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
akaliweka palipokuwa na kinu.
Kinu kikahamia chini ya ngazi.
"Mama, hili halitaki mpishi. Lina jicho.
Lionyeshe paketi: litasoma, litapika, litakuita."

Mamangu Mishi akalitazama jicho,
jicho likamtazama.
"Hata jiko limekwenda skuli," alisema,
"mie nilibakishwa nyumbani nikoroge uji."

Siku ya kwanza tulililisha tambi za dukani.
Likasoma ile mistari myeusi, likakohoa,
dakika tisa, chakula.
Hakina dhambi, hakina thawabu.
Tulikula tukiulizana kama kuna chumvi.

Lakini Kibokoni hapa, nani anunuaye vyote kwa paketi?
Mchele wetu unakaa ndani ya kopo la rangi.
Jiko likasoma, kwa Kiswahili cha redioni:
"Paka mara mbili. Acha ukauke."
Bizari ya Marikiti ilikuja imefungwa
kwa karatasi ya daftari la mtoto wa mtu:
saba mara nane, hamsini na nne,
na mkato mwekundu wa mwalimu juu yake.
Likapika dakika hamsini na nne.
Mchuzi wa papa ukawa gundi ya fundi viatu.
"Limefeli pamoja naye, maskini,"
mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Tui, ndani ya mfuko usio na herufi hata moja,
lilinyamaziwa kabisa.

Halafu usiku mmoja nilishuka kunywa maji.
Taa imezimwa, jicho la jiko tu linawaka kijani,
na mama, kanga mabegani, ameinama mbele yake
ameshika kijisanduku cha dawa zake za presha
kwa mikono miwili, kama anayebisha hodi kwa mkubwa.

"Hiki si chakula," jiko lilisema.
Mama hakuondoka.
"Muda wake ulikwisha mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa saba.

Nilisimama pale mlangoni, bilauri mkononi,
mimi niliyesomeshwa kwa kaimati zake za Ramadhani,
mwenye cheti ukutani sebuleni, chenye fremu,
niliyempa kile kidonge kila asubuhi
bila kugeuza sanduku.

Siku hizi mama hupika kwa makaa, uani,
kwa pua na kwa kidole, kama zamani.
Jiko la Twahir hatuliwashii chakula.
Jioni hujifuta mikono, akaliendea na vyake:
risiti ya stima, karatasi ya kliniki,
barua ya marehemu baba ya mwaka wa mafuriko
(hiyo jiko lilisema haina maelekezo ya kupika,
naye akaikunja, akaketi nayo kidogo).

Mimi hukaa kwenye kibao, karibu.
Simwambii niletee mimi.
Nangoja aniulize.