Kilo ya Sukari

Wanataka maneno mia sita na hamsini.
"Tuambie wewe ni nani," wanaandika
watu wa chuo cha ng'ambo,
kana kwamba hilo ni swali la kujibiwa
kabla luku haijaisha.

Rasimu ya kwanza niliwasha kibatari.
Nikajitembeza pekupeku maili saba,
nikamlaza mama mgonjwa mkekani,
nikalia aya mbili, ya tatu nikashinda.
Mwalimu Bahebe akakuna shingo kwa kifuniko cha kalamu:
"Nkwimba, kwenu Mabatini si pana umeme?
Na mama yako, juzi tu, si nilimwona kabeba ndoo mbili?
Mtoto huyu namwonea huruma,
ila simjui."

Rasimu ya pili nilipanga sifa kama mafungu ya nyanya:
kiranja, mdahalo, klabu ya mazingira,
nzuri juu, zilizobonyea chini.
Nikaisoma kwa sauti.
Hata mimi nisingenunua.

Usiku wa tatu nilikaa juu ya jiwe, nyuma ya jiko.
Mawe ya Mabatini hayapoi upesi, yanakuchoma kupitia kanga.
Kule ziwani taa za wavua dagaa zilikuwa zimewaka.
Sikuziandika. Kila mtu wa Mwanza ataziandika.

Niliandika kwamba baba hutengeneza mizani, Mwaloni, Kirumba,
zile za kuning'inia, zenye uso wa saa na mshale mmoja.
Hufungua, hupuliza magamba, hukaza springi.
Kwamba nilikuwa na miaka kumi na nne
nilipotundika kilo ya sukari, haijafunguliwa,
kwenye mizani ya tajiri mmoja iliyolala kwetu.
Sukari ikapungua.
Nikaitoa, nikaitundika tena.
Baba alikuwa mlangoni.
Hakusema. Sikusema.

Jumatatu mizani ile ilipima dagaa.
Shangazi Kabula akapanga foleni na gunia lake,
akanipa karanga kwenye kipande cha gazeti.
Nikazitafuna zote.

Wiki tatu.
Ya nne nikaenda na ile kilo ya sukari,
nikaitundika mbele ya wanawake.
Usiite ujasiri. Zilikuwa karanga tu,
zilikataa kushuka.
Baba akakaa miezi mitano bila kazi,
na sukari ile tuliinywea chai, kimya kimya, mpaka ikaisha.

"Mwisho wake je?" Mwalimu akauliza. "Umejifunza nini?"
Nikamwambia sijui bado.
Akatazama dirishani muda mrefu,
korongo wawili wakigombea utumbo wa sangara juu ya bati.
"Basi andika hivyo hivyo."

Kabla ya kuitia Kiingereza nilimpa baba.
Alivaa miwani iliyofungwa uzi,
akasoma akifuatisha kidole, kama anasoma mita.
Alipofika kwenye sukari kidole kikasimama.
Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi. Mama akazima redio.

"Hapa umekosea."
Moyo ukaniruka.
"Umeandika gramu hamsini."
"Ndiyo, baba."
"Umenipunguzia."

Akachomoa kalamu mfukoni mwa shati,
akaikata *hamsini* kwa mstari mmoja ulionyooka,
juu yake akaandika *mia*,
kwa mwandiko wake wa risiti.

Nilihesabu upya, usiku uleule.
Neno moja lilitoka, moja likaingia.
Mia sita na hamsini, kamili.