Mlima wa Koleo

Nilizaliwa Goma, juu ya jiwe jeusi
ambalo bado lina umbo la kutiririka.
Darasani niliandika "mlima"
na mwalimu Mupenda hakuniuliza upi:
kwetu mlima ni kitu chenye moto tumboni,
kinakohoa usiku, mawingu yanakuwa mekundu,
ukiamka huna nyumba, una ngazi tu.

Mashairi yangu yote yalikuwa na moshi.
Nilidhani ndivyo mashairi yalivyo.

Halafu nikaondoka. Meli hadi Bukavu,
lori hadi Uvira, nimekalia magunia ya maharage,
ziwa jingine, refu, lisilofanana na letu,
na kutoka Kalemie treni ya siku tano
iliyokufa Kabalo
siku tisa.

Hapo ndipo nilipoijua nyika.
Jicho lililozoea kugonga mlima
likikosa cha kuegemea huanguka mbele;
nilishikwa na kizunguzungu nimekaa chini.
Tulipika pamoja, tukaogesha watoto wa watu
tusiowajua hata majina.
Nilijaza kurasa arobaini za kaye.
Nyingi hazifai. Nimeziweka.

Lubumbashi, mtaa wa Katuba, udongo mwekundu
hadi kwenye pindo la kanga,
mama Numbi akanipakulia.
"Bugali," nikashukuru.
"Bukari," akanisahihisha,
na katika upenyo ule kati ya herufi mbili
ikapita treni nzima, na Kabalo yake,
na wote waliolala relini wakingoja injini.

Jioni nikauona, mweusi, mkubwa, nyuma ya paa.
Moyo ukaruka kama wa aliyekutana na ndugu.
"Ule ulilipuka lini mara ya mwisho?"
Alicheka hadi akaweka sufuria chini.

"Ule? Mavi ya shaba yale.
Waliumwaga baba zetu, toroli kwa toroli.
Mume wangu yumo mle,
miaka ishirini na sita ya koleo lake."
Akafuta macho, sijui kwa kicheko au kwa nini.
"Na wa kwenu, nani aliumwaga?"

Nilikuwa na vitabu viwili vilivyochapwa
na sikuwa na jibu.

Tembea uone, walituambia.
Hawakusema kwamba ukirudi
utabisha hodi kwako kama mgeni.
Leo chukudu lilishuka Birere na makaa,
kijana amepiga goti ubaoni, mguu mmoja hewani,
nami nimemwona maelfu ya mara, tangu utoto,
nikasimama barabarani kama mzungu wa pikipiki
hadi wakanipigia honi.

Usiku mlima ulikohoa.
Nilifungua kaye, nikaandika: koleo.
Kisha nikakaa gizani, biki mkononi,
nikingoja kujua ni la nani.