Mstari Uliopinda

Uwanja wetu wa Igombe haujawahi kutimiza mita mia nne.
Kona ya pili kuna jiwe, kubwa kama nyumba ya mwalimu mkuu,
na halijawahi kumwomba mtu radhi.
Waliokuja kulilipua walitoboa tundu moja,
wakala ugali wetu na sato wetu, wakaondoka.
Basi mimi, Lushinge, mwalimu wa michezo na jiografia,
kila mwaka huchukua kopo la chokaa
na kuupinda mstari ulizunguke.
Njia ya sita ikipunjika, naisogeza mbele hatua kumi na moja.
Nimezipima kwa mshipi wa kuvulia sangara.
Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika.
Hakuna aliyesema: kanuni ni kanuni.

Alhamisi tulikaa kamati, Kidato cha Pili B,
magoti yakigonga madawati ya watoto.
Ajenda namba nne: Nkwimba Sayi, mita mia nane,
dakika mbili na sekunde kumi na saba,
miguu mitupu, upepo wa ziwa usoni.
Aliacha shule, akajifungua, akarudi
na sketi ileile, imeachiwa pindo kiunoni.
Kanuni ya tisa ilipigwa taipu kabla sijaota ndevu:
*mshiriki wa kike awe hajawahi kukatiza masomo.*
Bwana Bahebe, mweka hazina, aliisoma mara mbili
kwa sauti ya kusomea wosia.
"Tukilegeza hapa, kesho tutalegeza wapi?"

Swali zuri. Nililiandika kwenye muhtasari.

Mwalimu Kokubanza akauliza, taratibu,
kama ipo kanuni ya mvulana aliyekwisha kuwa baba.
Tukatafuta. Kurasa zikageuzwa, zikarudiwa.
Ilikuwepo kanuni ya kucha.
Ilikuwepo kanuni ya soksi, yenye vifungu viwili.

Mimi nilinyamaza, na najua kwa nini.
Miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa na filimbi mpya.
Mtoto mmoja, Mwanaidi, alikuja na suruali na mtandio.
Nikamwambia, kaptula au nyumbani.
Alichagua nyumbani. Alitembea njia ya Kayenze
bila kugeuka, na viatu vya mbio mkononi,
vile alivyoazimwa na kaka yake, vimejazwa magazeti.
Leo nusu ya timu hukimbia na mitandio
na saa yangu haijaharibika hata sekunde.
Lakini kanuni, nilipoilegeza,
ilikuwa imekwisha kula mtu wake.

"Jiwe," nikasema.
Wakanitazama.
"Jiwe tumelipindia mstari miaka yote hii,
na jiwe halikutuomba.
Huyu ametuomba. Kwa barua. Mwandiko mzuri."

Nisidanganye kwamba walipiga makofi.
Wanne walinyoosha mikono, watatu hawakunyoosha,
na Bwana Bahebe akataka iandikwe kuwa hakunyoosha.
Nikaikata kanuni ya tisa kwa kalamu nyekundu;
karatasi ilikuwa kuukuu, ikachanika
hadi kanuni ya kumi, ya mbio za magunia.

Jumamosi kina mama walikunja nyavu zao za dagaa
waliokuwa wanakauka golini.
Uwanja ukabaki na harufu, na magamba yaking'aa njiani.
Bibi wa mtoto akakaa kwenye kivuli cha jiwe,
mtoto akitafuna kamba ya kofia.

Kila mkimbiaji hupotea pale nyuma ya jiwe.
Ni sekunde nne, wakati mwingine tano,
na hata nikijua atatokea, huwa sipumui.
Nkwimba alitokea. Mzunguko wa pili akatokea tena,
kifua mbele, mdomo wazi kama anayemwita mtu.
Alikuwa wa pili. Wa kwanza ni binti wa Sangabuye,
yule ana miguu, hakuna kanuni ya kumzuia.

Saa ya pili alishika Bwana Bahebe.
Nilipomwendea anisomee muda
alikuwa bado anatazama jiwe.
Alisahau kuibonyeza.