Chupa Juu ya Kabati

Jumanne, kliniki ya Sikonge. Mizani inaning'inia
kama bembea iliyokosa mti.
Wa ishirini ni mjukuu wa Mama Misoji:
miezi mitatu, kilo tano na nusu,
ngumi mbili zimefumbwa kama anaficha nauli.

Mama yake, Kabula, kanyamaza.
Bibi ndiye msemaji. Anafungua kanga,
anatoa chupa ya mafuta ya kupikia
iliyojaa asali ya msimu huu, nyeusi, nzito.
"Nimlambishe kidogo tu, nesi. Ncha ya kidole.
Afunguke sauti. Baba yake nilimlambisha,
leo anasoma risala mbele ya mkuu wa wilaya."

Kidogo tu.
Wahenga waliogopa chovya chovya, buyu lisije likaisha.
Mimi naogopa chovyo la kwanza.

Na mimi ni nani? Binti wa Mihayo, mrina asali.
Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mizinga ya magome,
kila noti niliyompa mhasibu ilinata.
Leo nawaambia wanawake wa kwetu: asali, bado.

Nasema polepole. Si kwamba ni mbaya, Mama.
Ndani yake huweza kulala mbegu ya kijidudu,
hata ukiichuja, hata ukiichemsha.
Tumbo lako linaijua, linaipitisha kama mgeni wa njiani.
Tumbo la huyu halijapata mlinzi.
Ikiamka humo, mtoto hulegea:
choo kinafunga, kope zinaanguka, titi linamshinda,
kilio chenyewe kinakuwa uzi.
Sauti unayotaka kuifungua
ndiyo itakayofungwa.

"Na wewe hukulambishwa?"
Nililambishwa.
"Na uko hai."
Niko hai. Kwetu tulizaliwa sita, Mama. Tuko wanne.
Hakuna aliyeandika sababu.

Mizani ikalia kidogo, upepo tu.

Basi, mpaka miezi sita, maziwa ya mama yake.
Hata maji, asipewe.
Na sauti, mpe yako. Akiguna, mjibu.
Akisema "aguu," usimwambie nyamaza;
muulize, "Enhe, halafu?" kisha mngoje.
Ana mengi huyo.
Ulimi wa mtoto hufunguliwa na anayemsikiliza.

Nikakata plasta, nikaibandika kwenye chupa,
nikaandika kwa kalamu ya kadi: Machi 19, mwakani.
Akishatimiza mwaka. Asali haiozi, nikamwambia,
iweke juu ya kabati,
inajua kungoja kuliko sisi.

Hakusema ndiyo.
Aliifunga tena kwenye kanga, fundo moja, fundo la pili,
la pili akalikaza kwa meno.
Mlangoni nikamwona amemwinamia mtoto.
"Enhe?"
Akasimama pale pale, kizingitini, kungoja jibu,
na foleni nzima ikangoja naye.

Kidole changu kilikuwa kinanata.
Nikanawa mara mbili,
nikaita wa ishirini na moja.